Sauti za wafu ndani ya kelele: shajara ya mradi, Bukavu

Machi, Jumamosi

Lengo: kutengeneza kwa mkono vyombo vile vile ambavyo watu wa Ulaya na Marekani wametumia tangu miaka ya 1950 kutafuta sauti za marehemu, kuviwasha hapa Kadutu, sehemu ya jiji la Bukavu, mashariki mwa Kongo, kisha kusikiliza. Sitaki kuthibitisha kwamba wafu wanasema, wala kuwacheka wanaoamini. Nataka kujua jambo moja: mtu akisikia neno ndani ya kelele, neno hilo limeingilia wapi? Kwenye waya, hewani, kwenye simu, au kwenye sikio lake mwenyewe?

Meza ni ile ile ninayotengenezea redio za wateja, kwa hiyo kazi hii inaanza jioni, redio zikishaondoka.

Kwanza nahitaji kelele yenyewe, na kelele safi si rahisi kupata. Redio ukiiweka katikati ya stesheni mbili inatoa ile shaaa, lakini ndani yake kuna stesheni za mbali zinazopenya. Siwezi kuiamini. Nimechukua transista ya BC547, mguu wa kolekta nikauacha hewani, emita nikaiunga kwenye chanya kupitia rezista kubwa, besi kwenye hasi. Yaani nimeilisha umeme kinyume. Ikifika volti saba au nane kiungo cha ndani kinashindwa kuzuia, elektroni zinaporomoka kwa fujo, na maporomoko hayo yasiyo na mpangilio ndiyo shaaa. Betri ya volti 9 inatosha ikiwa mpya. Ikichoka kidogo tu kelele inakatika. Nimehamia betri ya sola ya volti 12, ambayo pia inaniweka mbali na waya za SNEL, shirika la umeme la taifa, na mngurumo wake.

Kutoka hapo sauti inapita kwenye kondensa hadi LM386, kile kidude cha miguu minane kilichomo ndani ya spika nyingi ndogo. Bila kitu kati ya mguu wa 1 na wa 8 kinakuza mara 20. Ukiweka kondensa ya mikrofaradi 10 hapo, mara 200. Mara 200 ndiyo ninayoitaka, na ndiyo itakayonisumbua, maana kwa ukuzaji huo hata waya mfupi wa kuungia unageuka antena.

Machi, Jumapili

Hakuna kulehemu leo. Naandika tu nani alitangulia, ili nisirudie kuulizwa.

Mwaka 1920 Thomas Edison aliwaambia wanahabari kwamba anatengeneza chombo ambacho roho za waliokufa zingeweza kukitumia kama zipo. Chombo chenyewe hakikuonekana. Mwaka 1959 Friedrich Jürgenson, mchoraji aliyeishi Sweden, alirekodi ndege kwenye utepe. Alipousikiliza akasikia watu wakiongea, na baadaye akasema alimsikia mama yake akimwita. Konstantin Raudive, Mlatvia aliyeishi Ujerumani, akaichukua kazi hiyo kwa ukali wa msomi, akakusanya sauti kwa maelfu, akatoa kitabu mwaka 1968. Miaka ya mwisho ya 1970 Marekani wakaja William O'Neil na George Meek na mashine yao ya Spiricom, yenye toni 13 zilizochaguliwa ziwe karibu na sauti ya mwanaume. Halafu mwaka 2002 Frank Sumption akatengeneza kisanduku kinachokimbiza redio kwenye stesheni zote bila kutua.

Jambo linalonifurahisha: watu wawili walioeleza kisayansi kelele ya joto ndani ya waya, John B. Johnson na Harry Nyquist, waliandika mwaka 1928 wakiwa Marekani lakini wote wawili walizaliwa Sweden. Nchi moja imetupa kelele na mtu wa kwanza maarufu kusikia wafu ndani yake.

Mzee wa nyumba ya jirani, ambaye ni Mushi (mtu wa kabila la Bashi, wenye lugha ya Mashi) wa Kabare, alipita akauliza hizi waya ni za nini. Nikamweleza. Akacheka sana. "Bazimu bakitaka kusema na weye, banakuya mu ndoto. Habana lazima ya batri." Yaani hawahitaji betri.

Machi, usiku wa mvua

Nilitaka kurekodi, imeshindikana. Kila radi inapopiga, spika inatoa "ta!" kavu, na radi ikiwa mbali zinakuja mfululizo: ta, ta-ta, ta. Mtu aliyekuja na habari za mizimu angesema kuna anayebisha hodi. Hapa kwetu hatuna haja ya kushangaa. Uchunguzi wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, hapo juu tu, kuwa ya pili duniani kwa radi baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: miale takriban 205 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Anayetaka kunasa mizimu kwa redio Bukavu asubiri kiangazi.

Aprili, mwanzoni

Diodi ya Raudive. Huu ndio mchoro rahisi kuliko yote: diodi (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya germani, antena fupi ya sentimita chache, moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni. Diodi nimeitoa kwenye redio ya zamani ya Philips iliyooza kasha, nikiishika mguu kwa koleo wakati wa kulehemu ili joto lisiiue, maana germani haivumilii moto.

Nilipowasha, kitu cha kwanza kilichokuja ni *dzi-dzi-dzi, dzi-dzi-dzi*. Kila mwenye redio anaijua sauti hiyo: simu inayotafuta mnara. Mtandao wa simu wa GSM hutuma kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na diodi inavigeuza vipande hivyo kuwa mvumo unaosikika. Sisi tunaishi kati ya minara ya pande mbili, ya kwetu na ya ng'ambo ya Ruzizi, mto wa mpaka na Rwanda, na simu za mtaa mzima hazijui ziko nchi gani.

Usiku sana, simu zikinyamaza, kukaja kitu kingine: mwanaume anaongea, mbali, anapanda na kushuka. Nywele zilinisimama, siwezi kukataa. Lakini diodi na antena bila kitu cha kuchagua stesheni ni redio, redio mbaya inayopokea yeyote mwenye nguvu. Usiku tabaka la chini la anga linalonyonya mawimbi ya kati hupotea, na stesheni za mbali zinaanza kurudi kutoka juu. Sauti inayopanda na kushuka polepole ni alama ya wimbi lililotoka mbali. Huyo bwana alikuwa anasoma habari.

Aprili, katikati

Sufuria. Kuzuia redio kunahitaji kasha la chuma lililofungwa pande zote, na mama watoto amenikopesha sufuria ya alumini yenye mfuniko. Jaribio lake ni jepesi: weka ndani redio ya FM inayocheza, funika. Mfuniko ukikaa tu juu, redio inaendelea kuimba. Ukiubana kwa vibanio vya nguo na karatasi ya alumini kuzunguka ukingo, Radio Maendeleo inazama hadi shaaa. Ndani nimeweka transista, LM386, betri ndogo na kinasa sauti. Hakuna waya unaotoka nje. Waya mmoja ukitoka, hakuna sufuria tena.

Sufuria haizuii kila kitu. Sumaku ya umeme wa nyumba, hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), inapita alumini nyembamba bila shida. Na mngurumo huo ni wa kuangaliwa. Ukipita kwenye kigeuza umeme cha AC kuwa DC unakuwa wa hezi 100 pamoja na ndugu zake wa 200, 300 na kuendelea, na hezi 100 ni kimo cha kawaida cha sauti ya mwanaume anayeongea taratibu. Changanya mngurumo huo na shaaa inayobadilikabadilika, utapata mzee anayenung'unika ukutani. Toni za Spiricom zilifanya kazi hiyo hiyo kwa makusudi: kuweka tayari koo, halafu kungojea mtu alete midomo.

Aprili, mwishoni

Hapa ndipo nimekaa sana, na nadhani ndipo watu wengi wa mizimu hawajaangalia.

Kelele iliyonaswa ndani ya sufuria niliirekodi tena kwa vinasa viwili. Kimoja ni kompyuta, faili la WAV, bila kubana. Kingine ni simu ndogo ya vibonye, ile yenye tochi, ambayo vijana wengi hapa ndiyo wanayorekodia. Kelele ni ile ile moja. Kwenye kompyuta inasikika kama mvua juu ya bati, haina kitu. Kwenye simu inasikika kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Nimerudia, nimebadilisha simu, hali ni ile ile.

Sababu imo ndani ya simu. Simu hizi huhifadhi sauti kwa AMR, mfumo uliobuniwa kwa ajili ya kusafirisha maongezi kwa data kidogo kabisa, kati ya kilobiti 4.75 na 12.2 kwa sekunde. Hauhifadhi sauti kama ilivyo. Kila milisekunde 20 unajiuliza: kama hii ingekuwa inatoka kwenye koo na mdomo wa mtu, mdomo ungekuwa umekaaje? Unaandika jibu, sauti yenyewe unaitupa. Wakati wa kusikiliza, simu inajenga upya mdomo ule na kuupitishia pumzi. Sasa upe mfumo huo kelele tupu. Utatafuta mdomo hata pasipokuwepo, kila milisekunde 20 mdomo mwingine, na ukivifuatanisha unapata kitu chenye mwendo wa maneno.

Juu ya hapo simu za kisasa zina kifuta kelele. Kinapunguza kile kinachodumu na kuacha kinachobadilika. Ukiipa shaaa, inafuta karibu yote na kubakisha vipande vya toni vinavyoruka huku na huku, kama filimbi za mbali. Kwa hiyo rafiki anayeniletea "sauti ya malaika" aliyoirekodi kwa simu yake chumbani, kabla ya kuuliza malaika gani, nauliza simu gani.

Uamuzi: kuanzia leo kila rekodi ni WAV. Ya simu haihesabiwi.

Mei, wiki ya kwanza

Kisanduku cha kukimbiza stesheni. Nimechukua redio ndogo ya FM yenye kitufe cha kutafuta, nikakata njia inayoiambia itue ikipata stesheni. Sasa inazunguka kutoka 88 hadi 108 bila kusimama, na kila stesheni inatupa kipande kidogo, silabi moja au mbili.

Ulaya wanalalamika kwamba kisanduku hiki kinahitaji subira. Bukavu hakihitaji. Dakika chache tu, wadogo zangu waliokuwa wamekaa mlangoni walikuwa wanaitana: "Umesikia? Imesema *nakuya*!" "Hapana, *nyumba*!" Na kweli zilisikika.

Nimefikiria kwa nini, na jibu langu ni hili. Kiswahili, Mashi, Kinyarwanda, Kirundi, zote silabi zake karibu kila mara huishia na irabu, na irabu ni tano. Kata maongezi popote, utapata *ku*, *na*, *mi*, *ya*, *ba*. Kila kipande kimeshakamilika, tayari kuungwa na kingine. Ukichukua *na* kutoka kwa mhubiri wa stesheni moja, *ku* kutoka tangazo la sabuni na *ya* kutoka wimbo wa Bujumbura, una sentensi: *nakuya*, yaani nakuja. Kijerumani kikikatwa hivyo kinatoa vigugumizi, konsonanti tatu bila irabu. Cha kwetu kinatoa ujumbe.

Tena sisi tunachanganya. Sauti za Raudive zilisifika kwa kuchanganya lugha ndani ya sentensi moja: neno la Kilatvia, la Kijerumani, la Kirusi, la Kiswidi. Yeye aliona hiyo ni alama ya kwamba si redio. Waliompinga walisema msikilizaji anayejua lugha nyingi ana kamusi kubwa ya kuokotea. Mtu wa Bukavu anayeanza kwa Kiswahili, anapita Kifaransa na kumalizia Mashi anamwelewa Raudive mara moja, na vilevile anawaelewa wapinzani wake. Kwa kipande chochote cha kelele, mojawapo ya lugha zetu itakuwa na neno.

Mei, Alhamisi

Kisanduku nimekizima. Wadogo wameanza kukiuliza nani atafaulu mtihani wa serikali.

Mei, Jumapili alasiri

Jaribio la kusikiliza. Nimeita watu wa mtaa: mwalimu wa kwaya, mwanafunzi wa chuo kikuu, tantini (mama wa mtaani) anayeuza makala, yaani makaa, kijana wa pikipiki, na wengine waliovutwa na chai. Nilikuwa na vipande vifupi: vingine kelele ya sufuria tupu, vingine sauti yangu nikisema sentensi za kawaida nikiwa nimeizamisha chini ya kelele, vingine vya kisanduku. Vipande vimechanganywa, majina yamo ndani ya bahasha aliyoifunga mke wangu, hata mimi sijui kipi ni kipi.

Sheria: kila mtu anaandika alichosikia kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo.

Kabla ya kusema matokeo nitaje wengine waliofanya kabla yangu. Mwaka 2001 Harald Merckelbach na Vincent van de Ven wa Uholanzi waliwaambia wanafunzi 44 kwamba ndani ya kelele watakayosikia huenda kuna wimbo fulani maarufu wa Noeli, wabonyeze kitufe wakiusikia. Wimbo haukuwepo kabisa. Wanafunzi 14 walibonyeza. Hao hawakuwa wagonjwa wala waongo. Waliambiwa wategemee kitu, sikio likakileta. Mwaka huo huo Imants Barušs wa Kanada alichapisha kazi ya kurudia majaribio ya sauti za wafu kwa redio na vinasa. Alipata vitu vinavyofanana na maneno, hakupata chochote cha kumfanya aseme ni wafu.

Ya kwetu: sentensi zangu zilizozama, wengi walizipata walau kwa sehemu, na walikubaliana. Kelele tupu ya sufuria iliwapa pia maneno baadhi yao, ila hakuna wawili walioandika neno moja. Mwalimu wa kwaya alisikia kiitikio. Kijana wa pikipiki alisikia mtu akitaja bei. Tantini aliandika kipande baada ya kipande: *sisikii kitu*. Nilidhani hajaelewa kazi, mpaka bahasha ilipofunguliwa na vipande alivyoviandika hivyo vikawa karibu vyote ni vya kelele tupu. "Mie naikalaka ku soko," akasema. "Kelele nayiyua." Yaani anashinda sokoni, kelele anaijua.

Kisha nikafanya sehemu ya pili, ambayo ndiyo niliyoingojea. Nikapiga tena kipande kimoja cha kelele tupu, mara hii nikiwaambia kwanza: "Sikilizeni, anasema *mulango umefungwa*." Chumba kizima kikaitikia. Nikakipiga tena, safari hii nikidai maneno mengine yenye silabi karibu sawa. Wakaitikia tena. Mwanafunzi alikasirika akasema nimebadilisha faili, ikabidi nimpe kipanya cha kompyuta abonyeze mwenyewe. Na mimi niliyetengeneza kelele hiyo kwa transista ya kawaida, ndani ya sufuria ya kupikia maharage, nilisikia *mulango umefungwa* waziwazi na bado nausikia.

Kwa hiyo wale wanaoweka rekodi za mizimu na maandishi chini yake, maandishi ndiyo chombo. Mengine ni mapambo.

Juni

Mama mmoja wa hapa mtaani amesikia habari za mradi. Alikuja jioni, akakaa, akaanza kwa salamu ndefu. Mwanawe alifariki. Aliuliza kama mashine yangu inaweza. Nikamwambia haiwezi, na atakayemwambia inaweza kwa pesa amfukuze.

Akatoa simu ya vibonye kwenye kitenge. "Basi angalia hii. Humu anasema, lakini inakatika."

Ilikuwa rekodi fupi ya AMR, kijana akiongea sokoni, na kadi ya kumbukumbu ya simu ilikuwa inaanza kufa. Hii ilikuwa sauti ya marehemu ndani ya kelele kweli, kwenye ule ule mfumo niliokataa kuuhesabu. Nilinakili faili kwanza, kabla ya kusikiliza, kwa sababu kadi mbovu haistahili kuombwa mara nyingi. Halafu nikafuata sheria yangu: nikavaa vipokea sauti, nikaandika peke yangu kila nilichosikia, bila kumuuliza. Nilipata salamu, jina la rafiki, jambo kuhusu nauli. Katikati kuna mahali mpiga kelele wa soko anafunika kila kitu; hapo niliacha nafasi wazi.

Nikamuuliza anasema nini pale. Akanijibu papo hapo, maneno matatu ya Mashi, bila kusita. Nikapiga tena, nikayasikia. Nikajaribu kuonyesha picha ya mawimbi kwenye kompyuta: kuna nguvu pale, kuna kitu kama silabi, lakini mpiga kelele naye ana silabi zake, na AMR imewatengenezea wote wawili mdomo mmoja. Siwezi kuamua. Mama hakuwa na swali.

Alitaka niisafishe. Nilipandisha sauti tu na kupunguza mngurumo wa chini ya hezi 150. Kifuta kelele sikukigusa, kwa sababu pale katikati kingeanza kubuni, na kikianza kubuni, mama hatatofautisha tena, wala mimi. Nimemwekea kwenye kadi mbili, moja yake, nyingine ya binti yake. Amelipa bei ya kadi.

Sufuria imerudi jikoni. Mama watoto amesema nikitaka nyingine ninunue ya kwangu, na ana haki. Kazi inayofuata ni kurudia jaribio la bahasha kwa watu wasionijua, huko Bagira, sehemu nyingine ya Bukavu, nikiongeza vipande vya AMR kando ya vya WAV ili tuone simu peke yake inazalisha maneno kiasi gani kabla ya mtu yeyote kuambiwa asikie nini.